Unene wa Watoto na Pumu

Mtoto mwenye mashavu yaliyojaa husifiwa kwamba analishwa vizuri. Daktari wa kifua hana haraka ya kusifu.

Mwaka 2018 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marekani uliopitia kumbukumbu za matibabu za watoto zaidi ya 500,000. Wenye unene wa kupindukia walikuwa na hatari ya kupata pumu iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 30. Mafuta ya tumboni huyabana mapafu, tena hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini.

Na mzio? Vipimo vya damu vya 2005 na 2006, huko huko Marekani, viliuona zaidi kwa watoto wanene, hasa wa vyakula.

Ila njia ina pande mbili: mwenye pumu huogopa kukimbia, akakaa, akanenepa.