Nyonga Inayouma: Tiba za Nyumbani Zinazofika na Zisizofika

Mzee akilalamika kwamba kinena kinamuuma, watu wa nyumbani huanza kufikiria ngiri. Akilalamika goti, goti ndilo litakalochuliwa mafuta jioni hiyo. Nyonga haitajwi, kwa kuwa maumivu yake yana tabia ya kujitokeza pengine: kwenye kinena, kwenye paja kwa mbele, hata gotini. Dalili zake nyingine huonekana katika shughuli za kila siku. Mgonjwa hawezi tena kuinama akafunga kamba za kiatu. Akipanda daladala huunyanyua mguu kwa mkono. Asubuhi hutembea amekakamaa, kisha baada ya dakika chache hulegea. Kukakamaa huko kukizidi nusu saa, uwezekano wa baridi yabisi uchunguzwe hospitali.

Mada hii inahusu nyonga iliyosagika, ambayo madaktari huiita osteoathritisi, na yale ambayo familia inaweza kuyafanya bila gharama kubwa. Nyonga imefukiwa chini ya misuli minene. Msaada wa kweli huifikia kwa kuimarisha misuli hiyo na kupunguza mzigo unaoiangukia, zaidi kuliko kwa kinachopakwa au kunywewa.

Mitaani husemwa kwamba "ute umeisha", na dawa yake ni maji ya bamia au supu ya makongoro. Bamia ni mboga nzuri, iliwe na ugali kwa raha. Lakini utelezi wake ni aina ya nyuzinyuzi zinazoishia utumboni. Haupenyi ukaenda kulainisha kiungo. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina hata mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye majimaji ya kiungo kila linapobanwa na kuachiwa, na linabanwa na kuachiwa mtu anapotembea. Ndiyo maana ushauri wa kumlaza mgonjwa kitandani wiki nzima, hata ukitolewa kwa upendo, humdhuru: misuli hunyauka, na kiungo huzidi kukakamaa.

Tangawizi na manjano vimefanyiwa utafiti zaidi kwa wagonjwa wa magoti, na nafuu yake ni ndogo. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asimeze vidonge vya manjano bila kumwuliza daktari, kwani damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Jeli ya diklofenaki, inayosaidia goti, haitegemewi kwa nyonga kwa sababu kiungo kiko mbali na ngozi. Taulo la maji ya moto lililokamuliwa vizuri na kuwekwa kwa dakika 15 hadi 20 hulegeza misuli; mwenye kisukari aliyepoteza hisia apimiwe joto na mtu mwingine.

Hatari kubwa iko kwenye "mitishamba" inayotuliza maumivu kwa kasi ya ajabu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, kirutubisho cha viungo kilichokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Dawa kama hizo hupandisha sukari na shinikizo la damu, hutoboa tumbo na kuumiza figo, na deksamethasoni ikiachwa ghafla baada ya kuzoeleka inaweza kuhatarisha maisha.

Sasa mkongojo. Timu ya Georg Bergmann huko Berlin iliweka vipimio ndani ya nyonga bandia za wagonjwa, na mwaka 2001 ikatoa matokeo: mtu anapotembea kawaida, nyonga hubeba wastani wa asilimia 238 ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama kilo 167 kwa kila hatua, kwa sababu misuli ya pembeni huvuta kwa nguvu ili kiuno kisiangukie upande mmoja. Mkongojo ukishikwa kwa mkono wa upande mzima, husaidia kazi hiyo na mzigo hupungua. Wengi hushika upande unaouma, na hapo ndipo faida inapopotea. Walter Blount, daktari wa mifupa wa Milwaukee, aliutetea mkongojo katika makala yake ya mwaka 1956, na hoja yake bado ni imara. Mpini uwe usawa wa kifundo cha mkono, mhusika akiwa amevaa viatu na mkono umening'inia. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Unaouma hutangulia kushuka, pamoja na mkongojo.

Nyumba nayo ina mambo yake. Mbuzi ya kukunia nazi humlazimisha mama kukunja nyonga kupita kiwango inachokiweza, na kigoda cha jikoni ni hivyo hivyo. Nazi ikunwe na mwingine, au mbuzi iwekwe juu ya benchi refu. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti kilichotobolewa, kitanda kiinuliwe kwa matofali imara. Kwa Mwislamu, sheria inamruhusu mgonjwa kuswali juu ya kiti, na wazee waambiwe hivyo bila kuonewa haya.

Mazoezi matatu yanatosha kuanzia: kuinuka kitini na kuketi polepole, kulala chali magoti yamekunjwa kisha kunyanyua makalio, kulala ubavu na kuinua mguu wa juu. Programu ya mazoezi ya GLA:D, iliyoanzishwa Denmark mwaka 2013, huwaelekeza wagonjwa kupima maumivu kuanzia 0 hadi 10. Yakifika hadi 5 mazoezi yaendelee, mradi yarudi hali ya kawaida ndani ya saa 24. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 10, hupata nafuu zaidi kuliko aliyepunguza 5.

Wapo watakaohitaji kubadilishiwa nyonga, na nchini Tanzania upasuaji huo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Lakini si kila nyonga ni ya kujaribiwa nyumbani. Aliyeanguka akashindwa kusimama, mwenye homa, anayekonda bila sababu na mtoto anayechechemea wapelekwe hospitali mara moja. Kijana mwenye selimundu anayeumwa kinena asikandwe tu akaachwa, kwani damu isipofika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa hufa. Eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe kitu, hivyo maumivu yakiendelea arudishwe akapimwe tena.