Kuta zetu ni ukumbusho

Maneno yaliyosemwa Katuba mbele ya wanaraia na marafiki, mwisho wa mzunguko wetu wa kinga kutoka katikati ya mji, kupitia Kamalondo na Kenya



Ikaleni kwanza. Mama wa munkoyo amesema kila mtu atapata kikombe, musisukumane. Mwenye kinga yake imetoboka, fundi yuko pale chini ya muembe na pompi yake. Sitasema muda mrefu, najua miguu inauma. Yangu pia inauma, na mi sikubeba hata mufuko mumoja wa makala.

Nianzie hapo kwa makala. Asubuhi, wakati tulikuwa tunashuka toka ku mji, tulipishana na baba mmoja anasukuma kinga yake, mifuko nyuma inapita kichwa chake kwa urefu. Alituangalia na mayo zetu zinafanana, akasema: "Benye kutembea bure njo hawa!" Tulicheka, naye akacheka. Lakini neno lile lilinifuata njia yote. Katika mji huu kinga ni chombo cha kazi. Inabeba makala, inabeba maji, inabeba mgonjwa. Mtu akiona kundi la vijana wanapanda kinga siku ya Mungu bila mzigo wowote, ana haki ya kuuliza: hawa wanatafuta nini?

Baba, kama maneno haya yatakufikia, jibu ni hili: tulikuwa tunatafuta kuta.

Munajua namna tunavyopita katika mji. Uko ndani ya taksibisi, umebanwa kati ya watu wane, unaangalia mgongo wa mwenye kukaa mbele. Ukuta unapita, hauuoni. Leo kwa kinga tuliona. Tuliona saluni za kunyoa zenye vichwa vilivyopentwa mlangoni, kila kichwa na mtindo wake. Tuliona malewa yenye sahani ya bukari na samaki ukutani, na samaki wa ukutani ni mkubwa kuliko wa ndani, tuseme ukweli. Tuliona masomo yenye ramani ya Kongo, na mamba muntu na nywele zake ndefu kwenye ukuta wa nganda. Na kila mara tulisimama, tukasalimia mwenye nyumba, tukauliza swali moja: nani alipenta hii?

Hesabu mukumbuke wenyewe. Mara nyingi jibu lilikuwa: "Sijui, ni kijana mmoja alipitaka." Kazi iko, jina haliko. Ndiyo maana niliomba kusema leo.

Mji huu ni mji wa wapentaji, tangu zamani. Mwaka 1946, wakati Lubumbashi ilikuwa bado inaitwa Elisabethville, mzungu mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa karakana ya kupenta. Humo ndimo walitoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake midogomidogo, na Bela, aliyekuwa anafanya kazi nyumbani kwa mzungu huyo, akapenta kwa vidole vyake. Tablo zao zilivuka bahari. Ulaya wanazijua. Sisi tunaozaliwa hapa, ni wangapi tuliambiwa majina hayo masomoni?

Kisha kukaja wapentaji wa barabarani. Katika miaka ya 1970, kama baba yako alikuwa na kazi Gécamines au kwenye reli, saluni ya nyumba yenu ilikuwa na tablo ukutani, iliyonunuliwa kwa mtu anayezitembeza mlango kwa mlango. Kulikuwa mamba muntu. Kulikuwa kiwanda na shemine yake na kile kilima cheusi tunachokiona kila siku. Kulikuwa "Colonie belge": mfungwa analala chini anachapwa fimbo, mzungu anaangalia, wanawake wanasimama pembeni. Wazee wetu walikuwa na neno kwa tablo hizo. Waliziita ukumbusho. Mtu alikuwa anaitundika ili akikaa na watoto na wageni, mazungumzo yaanze.

Mmoja wa wapentaji hao alikuwa Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alipenta kwenye kitambaa cha mifuko ya unga, akauza kwa bei ndogo ili watoto wale. Lakini ndani ya kichwa alikuwa na kazi kubwa: kupenta historia yote ya inchi, tangu zamani za wazee mpaka wakati wake. Mwaka 1973 na 1974 alimpelekea Johannes Fabian, profesa aliyekuwa anafundisha hapa chuo kikuu, tablo 101, akamweleza moja moja. Alieleza kwa lugha gani? Kwa Kiswahili chetu hiki, Kiswahili cha Lubumbashi, kile ambacho wengine wanacheka kwamba si Kiswahili. Historia ya Kongo nzima ilielezwa kwa lugha ya soko yetu. Leo tablo hizo ziko Amsterdam.

Kati ya vitu alivyopenta kuna kifo cha Lumumba, na misalaba mitatu nyuma, kwa Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 karibu na mji huu, Shilatembo. Na kuna tarehe 9 Desemba 1941. Niisimamie kidogo hii, maana leo niliuliza kwenye kundi nani anaijua, na mikono ilikuwa michache.

Ilikuwa wakati wa vita. Shaba ya Katanga ilikuwa inakwenda kwa majeshi ya Ulaya na Marekani, na wafanyakazi wa Union Minière waliochimba shaba hiyo walikuwa na njaa. Waligoma. Waliomba mshahara unaotosha kula. Walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira, gavana Maron akaja, na askari wakapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na jina la Léonard Mpoyi, aliyesimama mbele kusema kwa niaba ya wenzake, lilibaki midomoni mwa wazee. Wale walikuwa watu wa rika letu. Hawakuwa na silaha. Walikuwa wanaomba hesabu ya jasho lao. Wakati sisi tunasimama na karatasi mkononi kuuliza feza ya kobalti inakwenda wapi, hatuanzishi kitu kipya. Tunaendeleza kazi waliyoikatiwa.

Sasa mukumbuke ile sehemu kati ya mji na Kamalondo, pale niliomba mushuke, tutembee kwa miguu. Wengi walilalamika. Nilitaka tupime kwa miguu. Wakati wa ukoloni kulikuwa hapo eneo la kutengana, karibu mita 500 za mwanzo, likapanuliwa baadaye. Upande huu wazungu, upande ule weusi, katika komini iliyoitwa Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Walisema ni kwa sababu ya afya, kwamba mbu wa malaria haruki mbali kupita hapo. Ndugu yetu Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, alifanya kazi kubwa ya picha juu ya jambo hilo mwaka 2013: picha za Lubumbashi kutoka angani, na pembeni nzi na mbu waliochomekwa na sindano. Alikumbusha pia kwamba zamani wafanyakazi walidaiwa kuleta nzi 50 wamekufa kabla ya kupewa posho la siku. Nzi 50, ndipo ule.

Mbu walikuwa wanavuka bila kuomba ruhusa. Mtu ndiye alikuwa anaulizwa karatasi.

Na leo nasi tuliulizwa karatasi. Muliona wenyewe, bwana mmoja mwenye uniforme alitusimamisha: "Muko na mamlaka ya nani ya kutembea kikundi?" Dada yetu akatoa kopi ya barua tuliyopeleka siku chache mbele, akamsomea pole pole. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 26, inatoa uhuru wa kuandamana, na inadai paka kutoa taarifa kwa maandishi. Haisemi kuomba ruhusa. Bwana alisoma, akarudisha, akasema: "Mupite, lakini musichore kitu." Hakuna aliyetukana, hakuna aliyekimbia. Hivyo ndivyo tunavyofundishana kila Jumamosi, na leo ilifanya kazi. Musisahau: barua ile iliandikwa na mtu, ikapelekwa na mtu, ikapigwa muhuri. Bila kazi ile ndogo, mzunguko ungeishia pale.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Pale Kenya tulisimama mbele ya ukuta mrefu wenye tangazo la kampuni ya simu, rangi moja toka juu mpaka chini. Fundi aliyetembea nasi, ambaye aliomba nisimtaje jina, alisema: "Chini ya hii rangi kuko kazi yangu." Alikuwa amepenta hapo wachimbaji wanatoka shimoni, na mama anawangoja na bakuli. Ilimchukua majuma mawili. Alilipwa rangi na chakula. Asubuhi moja alipita akakuta imefunikwa. Hakuna aliyemwita. Hakuwa hata na picha moja ya kazi hiyo kwenye telefoni yake.

Baadhi yetu walipandisha hasira, wakataka kwenda kumuuliza mwenye nyumba. Tulimuuliza, kwa adabu. Ni mama mjane. Alisema: "Batoto bangu, manjanja yangu ilikuwa inavuya. Balinipa feza, nikatengeneza." Nani kati yetu atamhukumu? Mvua ya Lubumbashi munaijua. Ukuta ni wake, na manjanja inayovuja ni ya kweli.

Hivyo sitawaambia kwamba kila rangi ya tangazo ni uadui. Ninasema kitu kingine. Mwenye feza anaweza kununua ukuta wetu kwa bei ya manjanja machache kwa sababu sisi hatukuja mbele yake. Wakati wa uchaguzi ni vile vile: sura ya mkubwa inabandikwa juu ya kila kitu, hata juu ya ramani ya watoto wa masomo, na baada ya uchaguzi mkubwa haonekani, lakini karatasi yake inabaki inaoza. Tablo zilipungua katika saluni wakati mishahara ilipokufa. Mwaka 2003 Gécamines iliondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa pamoja. Nani angenunua tablo? Mi naona ukumbusho ulitoka ndani ya nyumba ukabaki na ukuta wa nje tu. Tukiacha na huo uende, watoto wetu watajua bei za megabaiti, na hawatajua 1941.

Najua kuna mwenye kusema: maji hakuna, kura haina heshima, vijana wanafukiwa katika mashimo, nawe unatuletea rangi? Swali ni zuri. Tutaendelea kudai maji, na Jumatano barua ya maji inakwenda, musikose. Lakini angalieni: mwaka 1965 wafanyakazi wa nyumba za wazungu, wale walioitwa maboy, waliandikiwa historia ya mji huu na André Yav, kwa Kiswahili, mji ulivyoonekana kutoka jikoni. Hakuna aliyewaomba. Waliona kwamba wasipoandika wao, mji utaelezwa na waliokaa mezani tu. Mtu asiyejua wazee wake waliomba nini, anadhani haki yake ni zawadi ya mkubwa.

Naomba vitu vinne.

Kwanza, kila kikundi cha kartie kipige picha za kuta zake kabla ya mvua kuanza. Picha, avenyi, na jina la aliyepenta. Jina lisipojulikana, tuulize jirani wa pili, wa tatu. Tusichoke kwa "sijui".

Pili, hakuna mwanaraia wa harakati yetu atakayebandika tangazo juu ya kazi ya mtu. Hata tangazo letu. Hasa letu.

Tatu, tunapomwita fundi kupenta, tunamlipa. Tukichanga franga kidogo kidogo inawezekana, kama tulivyochanga kwa pompi na munkoyo ya leo.

Nne, tutaandikia meri barua, tukiomba ukuta mmoja wa wazi, pale kati ya mji na Kamalondo, upentwe tarehe 9 Desemba 1941. Kifungu cha 46 cha Katiba kinatoa uhuru wa sanaa na kinaidai Serikali ilinde urithi wa utamaduni wa inchi. Tutaomba kwa maandishi, tutarudi kuuliza jibu, na tutarudi tena. Na yule mama mjane wa Kenya amesema ukuta wake wa upande wa uani bado ni mtupu. Fundi alikwisha kuupima kwa hatua, nilimuona.

Tshibumba, baada ya mwaka 1981 habari zake zilipotea. Mtu aliyetukumbusha inchi nzima alipotea bila kaburi tunaloweza kupeleka ua. Fundi wetu wa leo amekaa pale, yuko mzima, anakunywa munkoyo. Muende mumsalimie. Muulize jina lake, yeye mwenyewe atawaambia kama anapenda.

Wakati wa kurudi, tuende kwa mstari mmoja upande wa kuume, tusizibe njia ya taksibisi. Na mukikutana na baba wa makala, mushuke, mumsaidie kusukuma pale kwenye mlima.

Lubumbashi wantanshi.