MZIGO ULIOKO NJIANI: Athari za Vita vya Biashara kwa Mfanyakazi na Mfanyabiashara Mdogo wa Mpakani

Mada kwa ajili ya semina ya wadau wa biashara ya mpakani

1.0 Utangulizi



Nimeombwa nizungumzie athari za vita vya biashara na ushuru kwa watu wa kawaida. Mada ni pana na muda ni mfupi. Maana ya maneno nitaipitia haraka, kwa kuwa mnaifahamu. Nitakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo nimelishughulikia kwa miaka mingi na bado halijapata jibu: hatima ya mzigo ulio tayari barabarani siku katazo linapotangazwa. Maoni haya ni yangu ya kitaalamu. Si msimamo rasmi wa taasisi ninayoitumikia.

2.0 Maana ya maneno

Ushuru wa forodha ni kodi inayotozwa bidhaa inapovuka mpaka. Kikwazo kisicho cha kiforodha ni sharti lolote lingine linalozuia au kuchelewesha bidhaa: kibali, kipimo, cheti, au amri ya kufunga. Vita vya biashara ni pale nchi zinapolipizana kwa njia hizo.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi mwaka 2005. Bidhaa ya nchi mwanachama yenye cheti cha uasili haipaswi kutozwa ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na bidhaa kutoka nje kwa kawaida hutozwa asilimia 0, 10, 25 au, tangu Julai 2022, 35. Kwa hiyo sisi kwa sisi tunagombana kwa waraka zaidi kuliko kwa ushuru. Ushuru ukipanda, mfanyabiashara hupiga hesabu upya. Waraka ukitoka usiku, hesabu yake yote imekwisha.

3.0 Hali ya dunia kwa ufupi

Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu nchi zote. Tanzania na Kenya ziliwekewa asilimia 10. Lesotho, ambayo wafanyakazi wake wengi wa viwandani hushona nguo za soko la Marekani, ilitangaziwa asilimia 50, kisha ikashushiwa hadi 15 mwezi Agosti.

Ninawaomba mtazame sehemu moja ya amri ile. Ilieleza kwamba mzigo uliokwisha kupakiwa melini na kuanza safari kabla ya tarehe 5 Aprili hautatozwa ushuru mpya wa asilimia 10. Viwango vipya vilipotoka Agosti, kipengele cha namna hiyo kiliwekwa tena. Sitetei ushuru ule. Umeumiza watu wengi. Lakini hata katika vita vikubwa kiasi hicho, aliyeandika amri alikumbuka kwamba kuna mali iliyokwisha kulipiwa na haiwezi kurudi ilikotoka. Sisi majirani, tunaojiita ndugu, hatujakumbuka hivyo.

4.0 Tatizo lenyewe

4.1 Machi 2021

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka. Malori yaliyokuwa njiani kuelekea Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, yalikuta mlango umefungwa. Siku chache baadaye katazo liligeuzwa kuwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Masharti hayo yanaeleweka. Aliyekwisha kupakia Kibaigwa au Kiteto, upande wa Tanzania, kabla ya tarehe 5, cheti hicho angekipata wapi akiwa tayari kwenye foleni? Ahueni ilisubiri mazungumzo ya wakuu wa nchi mjini Nairobi mwezi Mei.

Tusidhani ni upande mmoja tu. Juni 2017 Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje. Mwaka 2023 masharti mapya ya vibali upande wetu yaliacha malori ya mahindi yamekwama Namanga. Aprili 2025 tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kujibu makatazo yao, kisha tukalegeza baada ya siku chache. Kila serikali ilitoa sababu zake, na baadhi ni za msingi. Kinachofanana ni kwamba mzigo ulioko njiani unaachwa bila maelekezo.

4.2 Nani analipa

Mfanyabiashara mdogo hununua mahindi kwa mtaji kidogo, mkopo wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) na imani ya dalali aliyempa gunia kwa ahadi ya kulipa akirudi. Amelipa ushuru wa halmashauri, kibali na lori la kukodi. Lori likisimama, mwenye lori hudai fidia ya kusubiri. Posho ya dereva na utingo ilipigiwa hesabu ya safari ya siku chache. Ikiisha wanakula kwa mkopo kwa mama lishe, ambaye mtaji wake ni wa kesho asubuhi. Mpakiaji hulipwa kwa gunia: bila kushusha hakuna ujira, na hana mkataba wa kumwezesha kudai. Ng'ambo ya mpaka, msagaji mdogo anasimamisha kinu na vibarua wake wanarudi nyumbani.

Kampuni kubwa ina ghala, mwanasheria na bima. Mdogo ana njia tatu tu: auze kwa bei ya kutupa, ageuze lori kwa hasara, au apite njia za panya. Nazo njia za panya hazina maabara.

4.3 Hoja ya afya

Sumukuvu ni hatari ya kweli, nami sitaki mtu aondoke hapa akidhani ninaidharau. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 tulizika watu wetu Dodoma na Manyara.

Lakini tuulizane kama katazo la ghafla linalinda afya. Kuvu hustawi kwenye unyevu na joto. Mahindi yaliyokaushwa vizuri, yakikaa chini ya turubai kwa wiki kadhaa katika mvua za Machi na Aprili, yanaweza kuharibika yakiwa foleni. Pia sumukuvu haisambai sawasawa: gunia moja linaweza kuwa safi na la jirani likawa na sumu. Hivyo kinacholinda mlaji ni kupima kila shehena kwa sampuli zilizochukuliwa kwa utaratibu. Kuhukumu mahindi ya nchi nzima kwa barua hakumlindi. Kituo cha huduma kwa pamoja pale Namanga kilizinduliwa mwaka 2018, na maofisa wa pande mbili wanakaa chini ya paa moja. Kipimo cha haraka kingeweza kufanyika papo hapo, mahindi safi yakapita na yenye sumu yakateketezwa.

4.4 Sheria zipo

Hatukosi sheria. Itifaki ya Umoja wa Forodha, kifungu cha 13, inazitaka nchi ziondoe vikwazo visivyo vya kiforodha na zisiweke vipya. Jumuiya ilitunga sheria mahususi ya kuviondoa mwaka 2017. Shirika la Biashara Duniani linataka masharti mapya ya afya ya mimea na chakula yatangazwe muda wa kutosha kabla ya kutumika, na uamuzi wa Doha wa 2001 ulitafsiri muda huo kuwa kwa kawaida usiopungua miezi 6, isipokuwa kwa dharura. Tatizo ni kwamba kila katazo huandikwa kama dharura, na dharura haina kipengele cha mzigo ulioko njiani.

Jambo hili nimeliandikia ofisi mbalimbali, za pande zote mbili. Majibu ni ya heshima na yanafanana: linashughulikiwa. Ninatambua kwamba wanaoandika majibu hayo hawana mamlaka ya kuamua. Lakini malori nayo hayawezi kuishi kwa majibu hayo.

5.0 Mapendekezo

(i) Kila amri ya kuzuia bidhaa iwe na kipengele cha mzigo ulioko njiani: uliopakiwa na kupata nyaraka kabla ya tarehe ya amri upimwe na kupita kwa masharti ya zamani.

(ii) Tarehe ya kuanza amri isiwe tarehe ya kutangazwa kwake.

(iii) Dharura ya afya ielezwe kwa matokeo ya maabara, eneo na shehena zilizohusika. Isitajwe nchi nzima.

(iv) Vipimo vya haraka vya sumukuvu viwepo katika vituo vyote vikubwa vya mpakani, na majibu ya maabara ya upande mmoja yatambuliwe upande wa pili.

(v) Mahindi yanayosubiri majibu yawekwe kwenye ghala kavu, yasibaki chini ya turubai.

(vi) Amri zitangazwe kwa Kiswahili, zibandikwe mpakani na kutumwa kwa simu kwa vyama vya madereva na wafanyabiashara siku ileile.

(vii) Halmashauri zirudishe ushuru wa mzigo uliorudishwa na amri ya serikali.

(viii) Benki na VICOBA viweke utaratibu wa kuahirisha marejesho kwa mkopaji ambaye mzigo wake umezuiwa kwa amri.

(ix) Vyama vya wapakiaji visajiliwe na vishirikishwe kwenye kamati za mpakani, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kukosa ujira.

(x) Kamati za mpakani zipewe mamlaka ya kuachia mzigo ulioko njiani bila kusubiri wakuu wa nchi wakutane.

(xi) Nasisitiza tena pendekezo la (i). Mengine yote yanaweza kuchukua miaka. Hili ni sentensi moja ndani ya waraka.

6.0 Hitimisho

Serikali ina haki ya kulinda wakulima wake, viwanda vyake na afya ya watu wake, na vita vya biashara havitakoma kwa sababu ya semina yetu. Tunachoweza kufanya leo ni kuamua kwamba aliyefuata sheria ya asubuhi asiadhibiwe kwa sheria ya jioni. Ninaiomba semina ipitishe pendekezo la (i) kuwa azimio, liwasilishwe wizara za biashara na kilimo za Tanzania na Kenya, na tupange hapa hapa nani atalifuatilia na atatuletea majibu lini.