Pipa Linamwagwa, Sampuli Haichukuliwi

Wasikilizaji, onyo alilolitoa Januari 2025 Vivek Murthy, wakati huo Daktari Mkuu wa Marekani, mmekwisha kulisikia. Pombe inaleta saratani za aina saba, zikiwamo za ini, koo na matiti, naye alitaka chupa ziandikwe hivyo. Redio hii inamuunga mkono. Lakini sisi tuko Tanga, na kinywaji kinachotutia hofu hakina chupa wala lebo.

Mnazi unaogemwa Pangani na Mkinga, nani ameupima? Boha ya miwa kule Lushoto, nani ameipima? Pombe ya mahindi ya Handeni na Kilindi, nani ameipima? Na gongo linalopikwa usiku kwenye mapipa ambayo hakuna ajuaye yalibeba nini kabla, nani amelipima?

Kila msako unapofanyika tunaonyeshwa askari wakimwaga gongo. Pipa linapinduliwa, picha zinapigwa, mama muuzaji anapelekwa kituoni. Sampuli haichukuliwi. Au kama inachukuliwa, majibu yake wananchi hatuyasikii.

Si kwamba hatari hii haijulikani. Mwaka 1991 watafiti wa Tanzania na Finland walichapisha matokeo ya kupima pombe za kienyeji za nchi hii. Katika baadhi ya pombe za kuchachusha walikuta aflatoksini B1, sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo ushahidi wake dhidi ya binadamu umekamilika. Inashambulia ini, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini B hatari huongezeka mara nyingi. Kuichemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara, na walikuwa wamekula mahindi tu.

Sasa jiulizeni: mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo mama hawezi kuwasongea wanawe ugali, yanakwenda wapi? Yanalowekwa, yanakuwa kimea, yanakuwa pombe.

Gongo, linalopatikana kwa kukusanya mvuke wa pombe, lina balaa lake. Aflatoksini haipandi na mvuke, lakini mpishi akitumia redieta kuukuu au mabomba yaliyolehemiwa kwa risasi, madini hayo huingia kwenye kinywaji. Nani amelipima?

Tusidanganyane, hata pombe safi si salama. Mwili ukiivunja hutengeneza asetaldehaidi, na shirika hilohilo la utafiti wa saratani liliiweka pombe yenyewe kundi la kwanza tangu 1988. Sumu za kuvu na madini ni nyongeza juu ya hapo. Na saratani ya umio inautesa sana ukanda huu wa mashariki mwa Afrika.

Wapo watakaosema pombe ni haramu, mjadala umekwisha. Kwa asiyekunywa, ni kweli umekwisha. Lakini anayekunywa ni jirani yetu, ni mwana wetu, na ini lake likioza ni sisi tutakaomuuguza. Machi 1, 2017 viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipigwa marufuku, tukashangilia. Aliyekuwa akinywa kiroba kwa sababu ya bei, alikimbilia wapi? Hakuna aliyemfuata.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu 2019 usalama wa chakula na vinywaji uko mikononi mwenu. Njooni Tanga! Msiishie viwandani na madukani, ingieni vilabuni, vijijini, mkapime. Wakuu wa wilaya, kabla pipa halijamwagwa, chukueni chupa moja mpeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha majibu yaleteni hapa tuyasome hewani. Tutayasoma yote.

Nanyi akina mama mnaopika, tunajua ada za shule zinatoka kwenye chungu hicho. Mahindi yenye ukungu msiyaloweke. Msiyaoshe mkadhani yamesafika, na msiwape kuku. Yatupeni!

Na wewe ndugu ambaye chakula kinakukwama kooni, au macho yamekuwa ya manjano, usiseme ni uchovu, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda hospitali ya Bombo kesho asubuhi, na umweleze daktari unachokunywa bila kuficha.