Fundi ajaribiwe kwa kazi



Kati yetu kuko mafundi wa kujenga waliofanya kazi miaka zaidi ya 10 mu kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Leo hapa Baraka, tangazo la kazi likibandikwa, sharti la kwanza ni diploma ya Leta. Fundi anarudishwa, kijana mwenye hajashika hata mwiko anaingia. Kisha jioni anakuja kwa yule fundi kuuliza namna ya kuchanganya simenti na mchanga!

Hatukatai shule. Muuguzi bila masomo, hapana. Lakini ukuta hausomi karatasi.

Tunaomba: mukitoa pesa ya jengo, muandike mu mkataba kwamba fundi ajaribiwe kwanza kwa kujenga, karatasi zifuate. Kijana naye abakie, ajifunze chini ya fundi. Na fundi alipwe kama fundi, si kama mbeba mawe.