Safari Yetu ya Kilembe, Mji wa Shaba Chini ya Ruwenzori

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Mlipotuchangia nauli mwezi wa Desemba 2022 mlitupa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenda kutazama mwisho wa njia ya reli iliyojengwa kwa ajili ya mzigo mmoja, kwa kuwa na sisi wa kituo hiki twaishi kwa mzigo mmoja. Ya pili tulipewa na mzee wetu, mstaafu wa tawi hili, aliyezaliwa katika landhi za Kasese wakati baba yake alipokuwa nyapara wa genge la njia huko. Alituambia, "Wanangu, nitazamieni kama ile nyumba ingaliko." Tumerudi salama wote wanne, na sasa twatoa hesabu.

Kwanza tukubali aibu yetu. Sisi watu wa reli tulikwenda kwa basi. Tulitoka Nairobi jioni, tukavuka mpaka Busia, tukafika Kampala asubuhi, kisha tukapanda basi jingine la kwenda Fort Portal na Kasese. Njia ya reli ya Kampala hadi Kasese ina urefu wa kama kilomita 330, lakini gari moshi liliacha kwenda huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Mahali pengine barabara hukutana na reli, na kila tulipoiona tulinyamaza. Mataruma yamefunikwa na majani, na mahali pengine watu wamepanda mihogo kati ya vyuma viwili. Sisi ni watu wa genge. Twajua ni jasho kiasi gani humwagika ili majani yasiote hapo.

Njia hiyo haikuwa kazi ya mchezo. Ilimalizika mwaka 1956. Wajenzi waliiteremsha kutoka nchi ya juu hadi Bonde la Ufa, wakaipitisha katika vinamasi vya mafunjo karibu na Ziwa George, mahali ambapo udongo humezwa na matope. Na kwa nini wakubwa walitoa fedha nyingi namna ile? Kwa sababu ya shaba ya Kilembe.

Basi tuwaeleze Kilembe ni mahali gani. Mji wa Kasese uko tambarare, na jua lake ni kali kama la Makindu. Nyuma ya mji milima ya Ruwenzori imesimama kama ukuta. Kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109, na mlima wenye kilele hicho ni wa tatu kwa urefu katika Afrika nzima. Huko juu kuna theluji, ijapokuwa imepungua sana tangu mwaka 1906, wakati mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia aitwaye Luigi Amedeo alipofika vileleni na wenzake. Sisi theluji hatukuiona, maana mawingu hayakuondoka siku zote tulizokaa. Kutoka Kasese unaingia katika bonde jembamba la mto Nyamwamba, unapanda kama kilomita kumi, milima inakusogelea huku na huku, na hapo ndipo penye Kilembe. Nyumba za wafanyakazi zimepangwa kwa safu katika miteremko, safu juu ya safu. Baada ya nyumba za mwisho huanza msitu wa Hifadhi ya Taifa, na baada ya msitu mianzi, na baada ya mianzi ni mawe, barafu na baridi. Wapandaji milima hupitia hapo, nao wenyeji, Wakonzo, huwabebea mizigo. Mbele ya hapo hakuna mji mwingine.

Katika bonde hilo mawe yana rangi ya kijani. Tulisimama kwenye mlango wa shimo moja la mgodi. Upepo uliotoka ndani ulikuwa baridi, na maji yaliyochuruzika ukutani yalikuwa yameacha alama za kijani na buluu, kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa mvuani. Ndani ya mlima ule watu walichimba tangu mwaka 1956 hadi mwaka 1982, wakatoa zaidi ya tani milioni 16 za mawe. Katika kila tani mia moja za mawe mlikuwa na kama tani mbili tu za shaba. Fikirini, ndugu, ni mikono mingapi iliyofanya kazi ile. Mawe yalisagwa kuwa unga, unga ukateremshwa Kasese, gari moshi likauchukua hadi Jinja penye tanuri la kuyeyushia, lililotumia umeme wa bwawa la Owen Falls. Kisha shaba ikapakiwa tena, ikapita Tororo, Eldoret, Nakuru na Nairobi hadi Mombasa. Kwa hiyo shaba ya Kilembe ilipita mikononi mwa baba zetu na babu zetu. Katika miaka ya 1955 na 1956 Reli ya Afrika ya Mashariki ilipokea injini 34 kubwa za Garratt za aina ya 59, zilizopewa majina ya milima ya nchi zetu, na moja iliitwa Ruwenzori.

Je, shaba iliisha? Hapana, ndugu. Hilo ndilo tunalotaka mlishike. Shaba ingalimo mlimani mpaka leo. Bei ya shaba duniani ilishuka, wenye mtaji wa Kanada waliondoka katika miaka ya 1970, nchi ikaingia katika machafuko, vipuri vikakosekana. Mwaka 1977 na reli yetu ya pamoja ikavunjika ikawa vipande vitatu. Mgodi na reli vilikuwa kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Mmoja alipolala, mwingine hakuweza kulima peke yake. Mwaka 2013 kampuni za Kichina zilipewa mgodi kwa mkataba wa miaka 25, lakini mwaka 2017 Serikali ya Uganda iliuvunja.

Jioni moja tulikaribishwa chai na mzee mmoja aliyekuwa mtoboaji wa miamba. Kiswahili chake ni kile cha mgodini, maana watu wa makabila mengi walikutana pale, hata kutoka kwetu Kenya. Tulimwuliza, "Mzee, siku mgodi ulipofungwa ilikuwaje?" Alicheka, akasema, "Wanangu, hakuna siku. Mlango hufungwa siku moja, lakini kisima hukauka pole pole. Leo hakuna kipuri hiki, kesho hakuna kile. Kila asubuhi tulivaa kofia tukaenda, tukijua kesho itakuwa nafuu." Mmoja wetu akamwuliza kama hawakuiuliza mapema habari ya nyumba na ya uzee wao. Alikaa kimya kidogo. "Hatukuuliza," akasema. "Tulipokuwa na nguvu, tuliuliza habari ya mshahara tu. Tulipokumbuka mengine hapakuwa na mtu wa kumwuliza."

Maneno hayo tuliyalalia usiku ule, na mto ukipiga kelele nje.

Mto wenyewe nao una habari yake. Mwezi wa Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukaporomosha mawe kutoka mlimani, ukabomoa nyumba na madaraja na kuharibu hospitali ya mgodi. Mwezi wa Mei 2020 ulifurika tena, hata wagonjwa ikabidi wahamishwe. Tumeyaona mawe hayo kwa macho yetu, mengine makubwa kama behewa la mizigo, yamelala mahali palipokuwa na bustani za watu. Kadhalika unga wa mawe uliobaki baada ya kutoa shaba uliachwa kwa malundo, na mto huuchukua. Huko Kasese, maji makali ya lundo jingine yaliua majani hata upande wa Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kutoa madini ya kobalti katika lundo hilo, kwa kutumia vijidudu visivyoonekana kwa macho. Basi takataka ya wakubwa wa kwanza ikawa mali ya wakubwa wa pili, na wenyeji wakabaki na maji.

Sasa habari ya nyumba ya mzee wetu. Stesheni ya Kasese ingaliko, na landhi zingaliko. Tulifuata maelekezo yake: safu ya pili kutoka kwenye reli, nyumba ya mwisho, jiko lenye dirisha la kutazama mlima. Tulimkuta mama mmoja akipanga nyanya zake mafungu mafungu. Tulipomweleza habari yetu alitukaribisha ndani, akatuonyesha jiko, na dirisha lipo kama mzee alivyosema. Tumepiga picha kwa simu, na mzee amekwisha kuzipata. Tulipoaga, mama yule alituuliza, "Ninyi wa reli, gari moshi litarudi lini?" Sisi wanne, wenye miaka mingi kazini, hatukuwa na jibu. Tulinunua nyanya.

Ndugu zetu, hatukuja kuwatisha. Lakini tazameni reli yetu. Njia ya kutoka Konza hadi Magadi ilijengwa kwa ajili ya magadi, na sisi hapa twajua wenyewe ni mzigo gani unaotulisha. Mzigo mmoja ni mguu mmoja. Mtu husimama kwa mguu mmoja, lakini hakimbii. Nasi hatuna budi kuuliza wakati tungali na nguvu. Kwa hiyo twaleta mambo matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza, katika mazungumzo yajayo na waajiri, Katibu asidai nyongeza ya mshahara peke yake. Adai yaandikwe waziwazi malipo ya kila mtu ikiwa njia itafungwa, na muda wa familia kukaa katika nyumba.

La pili, kila mwanachama alete karatasi zake za kazi ziandikwe katika daftari la tawi, nakala moja kwetu na moja kwake. Kazi isiyoandikwa haidaiwi.

La tatu, vijana wa genge wafundishwe kazi ya pili, kama kuunga vyuma au umeme, tawi likichangia ada. Mtoboaji yule wa Kilembe alijua mwamba kuliko mtu yeyote, lakini mwamba ulipofungwa ujuzi wake ulifungwa pamoja nao.

Twawashukuru kwa nauli yenu. Hesabu ya kila shilingi anayo Mweka Hazina, na iliyobaki imerudi. Mzee wetu amekaa pale nyuma, na picha anazo. Mwombeni awaonyeshe lile dirisha.