Zebaki, Baridi na Sumaku

Wasikilizaji wetu, ninyi mkaao Kagongwa, katika njia itokayo Isaka kwenda Kahama, na ndugu zenu wa machimbo ya Geita, zebaki hamna haja ya kuelezwa. Ndiyo ile nzito iendayo kama maji, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasa chembe za dhahabu. Na moshi wake ni sumu, msiuvute. Leo nina habari yake nyingine.

Kila waya upitishao umeme huuzuia kidogo, na kwa sababu hiyo hupata moto. Mwaka 1911, katika mji wa Leiden, Uholanzi, bwana Heike Kamerlingh Onnes aliitia zebaki katika baridi ya digrii 269 chini ya ile igandishayo maji. Mara zebaki ikaacha kabisa kuuzuia umeme! Sababu ilifahamika mwaka 1957: katika baridi hiyo elektroni, vichembe vichukuavyo umeme, hushikana mbili mbili, zikaenda zote pamoja pasipo kikwazo.

Bwana Onnes alitumaini kufanya sumaku kubwa kwa waya za namna hiyo. Tumaini lake likavunjika, maana mwaka 1914 aliona ya kuwa nguvu ya sumaku ikizidi, huiharibu hali ile, na umeme huzuiwa tena. Mwaka 1933 Wajerumani wawili, Meissner na Ochsenfeld, wakagundua kwamba risasi na bati zikipoozwa hivyo huifukuza nguvu ya sumaku itoke ndani yake. Zikishindwa kuifukuza, hali ile hufa.

Basi, sumaku kubwa za hospitali zafanywaje? Waya zake ni mchanganyiko wa niobiamu na titaniamu, nao haushindani hivyo. Mwenye jaruba la mpunga, mvua ikizidi, hutoboa tuta mahali pachache maji yapite, lisije likabomoka zima. Mchanganyiko huo nao huiacha sumaku ipenye katika njia nyembamba mno, na elektroni huendelea na safari katika nafasi iliyobaki. Mrusi Alexei Abrikosov ndiye aliyeyaeleza hayo, mwaka 1957. Ndiyo maana leo mgonjwa hulazwa ndani ya sumaku, daktari akauona ubongo wake pasipo kisu.

Baridi ya sumaku hizo hutokana na heliamu, hewa ile ile aliyoitumia Onnes. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba heliamu nyingi imo ardhini katika bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania, nayo hububujika pamoja na maji ya chemchemi, haina rangi wala harufu.